Mawe ya Udugu wa Baraza

Bi Mahbuba alikuwa akidarizi kofia siku alipoambiwa kwamba marehemu mumewe atawekewa jiwe langoni mwa makaburi pamoja na wasiojulikana walipolala. Sindano ikasimama katikati ya ua. Aliyeleta habari alikuwa Majid, mtoto wa wifi yake, mwanamume mwenye wajukuu, mstaafu wa wizara na rais wa Udugu wa Baraza. Lakini mbele ya mkaza mjomba wake urais haukumfaa kitu.

"Rudia," alisema Bi Mahbuba.

"Si langoni khasa, mkaza mjomba. Pembeni ya lango. Kwa ndani."

"Yaqdhan wangu miye awekwe mlangoni na kina fulani, kama viatu vya msikitini?"

Majid akaangalia zulia. Mama yake, Bi Mahfoudha, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi kama hasikii, akacheka puani. Yeye alikuwa dada wa marehemu, na alikuwa akiishi na wifi yake huyu tangu wote wawili wana meno yao. Nyumba yao ya Wadi Kabir ilikuwa haijapata kukaa kimya.

Udugu wa Baraza, kwa asiyeujua, ni chama kilichoanzishwa Matrah, karibu na Maskati, na vijana waliotoka Unguja, zamani hizo gari moja ikipita watoto wote wa mtaa wanaifukuza. Walizoea kukaa barazani. Walipofika Matrah wakatafuta baraza ya kukalika wasiione, basi wakajenga yao ya saruji mbele ya duka la vitambaa la mmoja wao, wakakaa. Wanaume wakikaa pamoja sana huota sheria. Wakajipa rais, na makamu, na mshika ufunguo, ingawa baraza haina mlango. Ndugu mpya alinyweshwa kahawa chungu asikunje uso, kisha akaapishwa: ndugu haoshwi na mgeni, hachimbiwi na mgeni, hafukiwi na mgeni. Cheka utakavyo, kiapo kile kilikuwa na uchungu wake. Watu hawa walikuwa wameyaacha makaburi ya wazee wao ng'ambo ya bahari, na walichokiogopa kuliko umasikini ni kufukiwa na watu wasiojua hata majina ya mama zao.

Wakazikana hivyo, mmoja baada ya mmoja. Leo wanaokaa pale ni watoto wao, na wao wameshakuwa wazee. Baraza wameitia mito kwa ajili ya migongo, na mambo mazito yote yanaamuliwa kwenye kundi la Wasapu, ambako kila asubuhi hutumiana mawaridi na dua kabla ya kuanza kugombana.

Ugomvi wa safari hii ulikuwa wa makaburi. Baba zao wote wamelala bondeni nyuma ya kijiji cha Sidab, kwenye uwanja uliobanwa na milima, na hakuna hata mmoja mwenye jina juu yake. Ndiyo desturi ya Oman: hapajengwi, hapaandikwi. Huchukuliwa mawe ya mlimani yasiyochongwa. Mwanamume akawekewa mawili, la kichwani na la miguuni, na mwanamke matatu, la tatu katikati. Basi. Anayejua anajua, na asiyejua huwasalimu wote akapita.

Badr, makamu wa rais, mwalimu mstaafu asiyestaafu kufundisha, ndiye aliyeandika kundini: "Sisi tukifa, nani atawajua wazee wetu?" Wakaenda kwa shekhe wa msikiti. Shekhe akawaambia kujenga hapana, kuandika hapana, lakini jiwe la kumjulia ndugu lina asili yake. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimwekea sahibu yake jiwe kichwani ili alijue kaburi lake. "Ila msiongeze," akawaonya. "Badilisheni. Mkiongeza, mtawageuza baba zenu kuwa mama zenu." Basi wakaleta mawe ya kijani kutoka wadini, kwenye mikondo mikavu ya mito, moja kwa kila ndugu, yachukue nafasi ya yale ya kichwani, na wakaiweka Ijumaa kuwa ndiyo siku.

Watoto walikuwa wameyaonyesha makaburi ya baba zao, huyu hapa, huyu pale. Waliobaki bila kujulikana ni wachache, na wa mbele yao ni Yaqdhan. Yeye alikuwa ndugu wa kwanza kufa, na waliomzika karibu wote wamemfuata.

"Tumeyapekua makaburi yote ya mawe mawili upande ule," alisema Majid. "Kila moja lina mwenyewe. Mjomba hayupo."

"Hayupo! Katoka?"

"Kaka yangu hakuwa mtu wa kupotea," Bi Mahfoudha aliingilia kutoka kochini. "Alipotea mara moja tu, siku ile alipokwenda kukuposa weye."

Bi Mahbuba hakumjibu, na hiyo peke yake ilimfanya wifi yake ainuke akae. Walijuana. Utani ukimpita Bi Mahbuba bila kurudishwa, basi jambo limemfika.

Na kweli lilikuwa limemfika. Yaqdhan alipofariki yeye alikuwa kijana, ana watoto wadogo watatu na eda mbele yake. Wanawake hawaendi kuzika. Eda ilipokwisha aliomba aonyeshwe kaburi, na wanaume wa Udugu wakaangaliana, wakamwambia, shemeji, dua inafika popote. Hakuwa na ubishi na dua. Aliomba, na aliamini inafika. Lakini kila gari ilipompitisha karibu na bonde lile, alilokuwa nalo ni ile salamu ya jumla, ya watu wote wa makaburini, na moyo wake haukukinai. Hata mgeni akiingia ukumbini akishawasalimu wote humwendea mwenye nyumba akampa mkono. Yeye karibu miaka khamsini alikuwa anasalimia ukumbi. Alitaka mara moja tu, kabla magoti hayajamkatalia kabisa, asimame mbele ya mumewe na kumsalimu yeye, kwa jina lake. Na alikuwa anawajua wanaume. Wakishaweka jiwe, hata langoni, wamemaliza. Hapana atakayetafuta tena.

"Shemeji Yaqoob mmemuuliza?" alisema. "Yeye si alikuwapo?"

"Tumemuuliza, mkaza mjomba. Kasema hajui."

"Kasemaje? Nipe maneno yake."

"Kasema, 'Sijui.'"

"Halafu?"

"Basi."

Bi Mahbuba akaichoma sindano kwenye kofia, akaiweka kofia juu ya meza. Mzee Yaqoob alikuwa ndiye ndugu wa mwisho wa wale wa mwanzo, na hakuna mtu Matrah nzima aliyepata kumuuliza swali akajibiwa kwa neno moja. Umuulize saa ngapi, atakupa nasaba ya fundi wa saa. Anakumbuka rangi ya mbuzi aliyechinjwa kwenye harusi ya watu ambao wajukuu wao sasa wanaoa. Mtu kama huyo akisema "Sijui" kisha akafunga mdomo, ujue amekalia kitu.

"Nipeleke," alisema.

"Sasa hivi? Jua hili?"

"Mkate wa kumimina upo. Wifi, vaa buibui lako."

Mzee Yaqoob alikuwa akikaa na binti yake katika nyumba ya zamani nyuma ya soko la Matrah, ghorofani, na ngazi zake zilijengwa na mtu aliyewachukia wazee. Bi Mahbuba alizipanda akimshika Majid, akipumzika, akiziapiza, akipanda tena. Bi Mahfoudha alikuja nyuma na mkate, akimwambia kila hatua kwamba kama ni kufa asifie hapo, maana ngazi ni nyembamba na jeneza halitapita.

Wakamkuta mzee amekaa juu ya godoro, mwembamba, msafi, amejifunika shali, upepo wa dirishani ukimpulizia miguuni. Alifurahi mno. Aliwauliza khabari za watoto, na za wakwe wa watoto, akasimulia jinsi baraza ilivyomiminwa saruji, na nani alikanyaga ikiwa haijakauka, na alivaa viatu gani. Bi Mahbuba akamwachia. Alimkatia mkate, akammiminia kahawa, akamngojea kama mtu anavyongojea ndoo ijae.

"Shemeji," alisema mwishowe. "Yaqdhan kalala wapi?"

"Sijui," alisema Mzee Yaqoob, na akatia mkate mdomoni, mkubwa kuliko mdomo.

"Hukumzika weye?"

Mzee akatafuna. Macho yake yakaenda kwa Majid, yakarudi, yakashuka kwenye finjani.

"Majid, mwanangu," alisema Bi Mahbuba bila kugeuka, "katusubiri nje."

Majid akatoka akaufunga mlango, akabaki hapo hapo nyuma yake, maana ndiye rais na mlango ni wa mbao nyembamba.

"Shemeji, mnanitafutia makosa," alisema Mzee Yaqoob. "Tuliapa."

"Mliapa kunificha kaburi la mume wangu?"

"Tuliapa jambo, na kaburi limo ndani ya jambo. Siwezi kulitoa moja nikaliacha jingine."

"Mliapiana na nani?"

Akawataja, taratibu, kwa majina yao na ya baba zao, na kila jina alilifuatishia rehema. Alipomaliza sauti yake ilikuwa imekonda.

"Wamebaki wangapi?"

"Nimebaki miye."

"Sasa unamficha nani, shemeji?"

"Nnawafichia wao."

"Wao wako naye huko," alisema Bi Mahbuba. "Wanajua tayari."

Mzee Yaqoob akamtazama. Hakuwa amepata kulifikiria hilo, na lilipomwingia lilimlegeza mabega. Akaiweka finjani chini.

"Na nyinyi wanawake," alisema kama anayejihukumia mwenyewe kesi, "hamkuwamo kwenye kiapo. Hatukusema mwanamke asisikie."

"Hamkusema," aliitikia Bi Mahfoudha haraka. "Sema, Mzee Yaqoob."

Basi akasema. Siku ile walipofika bondeni, watu wa Sidab walikuja na majembe yao kuwasaidia, kwa wema kabisa, na wao wakawakatalia. Ndugu hachimbiwi na mgeni. Wakachimba wenyewe kwenye mwamba, vijana wa madukani, mikono ikatoka malengelenge. Yaqdhan akalazwa, akafukiwa, dua ikasomwa. Ndipo ikaja zamu ya mawe, na hapana mmoja wao aliyeijua desturi ya mawe ya pale, kwa kuwa huko walikotoka hawakuikuta. Wakatazama huku na huku. Wakaona makaburi mengine yana mawe mawili, mengine matatu. Wa kumuuliza wameshawafukuza. Rais wao wa wakati ule akafikiri sana, akasema: wenye matatu bila shaka ndio wakubwa wao.

"Yallah," alisema Bi Mahfoudha kwa sauti ndogo.

"Na Yaqdhan ndiye wa kwanza wetu," Mzee Yaqoob aliendelea. "Tukamstahi. Tukampa matatu."

Baadaye alikufa ndugu wa pili, na mzee mmoja wa Sidab, mtu mpole, akawapa mawe mawili mkononi na kuwaeleza sababu. Walirudi barazani siku hiyo hapana aliyethubutu kumtazama mwenzake. Wakasema twende tukaling'oe la tatu. Kisha wakaogopa: watu watatuona, watauliza, tutasema nini? Na mkewe atasikia. Ndipo wakaapa kiapo cha pili, kwamba jambo hili litakufa nao. "Na wewe eda yako ikaisha, ukaja kutuuliza," alisema. "Tungekwambia nini, shemeji? Mumeo tumemzika kama bibi wa watu?"

Bi Mahbuba alikuwa ameinama, ameufunika uso kwa ushungi, na mabega yanatikisika. Mzee Yaqoob akamnyooshea mkono. "Nisamehe, shemeji. Usilie."

Hakuwa analia. Alipoufunua uso, machozi yalikuwa yanamtoka kweli, lakini ya kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa kimemnasa kooni hata hawezi kupumua. "Na masharubu yale!" alisema. "Yaqdhan na masharubu yale! Alikuwa haniruhusu hata kuyagusa!" Bi Mahfoudha naye akaanguka upande. Mzee Yaqoob aliwatazama kwanza kwa woga, kisha mdomo wake ukaanza kucheza, na mwisho akacheka akakohoa mpaka binti yake akaja mbio na maji. Nyuma ya mlango, rais wa Udugu wa Baraza alikuwa anacheka ukutani, ameuma shali.

"Haya," alisema Bi Mahbuba alipopata pumzi. "Ya mawe matatu ni mengi. Lake lipi?"

"Jiwe lake la tatu si la mlimani. La kwake ni jeupe, la matumbawe, jiwe la kwetu Unguja, lina kishimo katikati kama kisahani. Nililiona uani kwenu tulipokuja kumchukua, limeegeshwa karibu na mtungi. Nikasema moyoni, ndugu yetu kafia mbali, nalale na kijipande cha kwao. Nikalitia kikoini. Sikudhani kama lina kazi."

Kicheko cha Bi Mahbuba kikakatika.

"Jiwe langu la liwa!"

Kila mwanamke wa Unguja aliyeolewa zamani hizo alikuwa na jiwe lake la kusugulia msandali kwa maji ya mawaridi, akapata liwa ya kujipaka uso na mwili. Hilo lake alipewa na mama yake, na alilibeba mapajani safari nzima. Mjane akiwa edani hagusi manukato, kwa hiyo hakulitafuta mpaka eda ilipokwisha, na alipolitafuta halikuonekana. Katika nyumba ile mlikuwa na mwanamke mwingine mmoja tu. Hakupata kumwita mwizi, hapana; yeye ni mtu mwenye adabu. Alimkumbusha tu. Kikipotea kijiko, "labda kimelifuata jiwe langu." Ikipotea chumvi, vivyo hivyo.

Akamgeukia wifi yake polepole. Bi Mahfoudha alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni, anang'aa kama bibi harusi.

"Majid!" aliita. "Ingia! Waite na majirani waingie! Mama yako si mwizi!"

"Nani alikwita mwizi?" alisema Bi Mahbuba.

"Miaka yote hii nnakula chumvi ya wasiwasi!"

"Nisamehe, wifi."

"Sikusikia."

"Nisamehe, nimekwambia, na ukitaka la tatu ngoja nife."

Wakarudi nyumbani usiku haujaingia, wamechoka kwa kucheka, na Majid akaandika kundini kwamba mjomba amepatikana. Hakueleza amepatikana wapi. Badr alimuuliza kwa maandishi na kwa sauti, na Majid akamtumia waridi.

Ijumaa asubuhi palikuwa na ubaridi mzuri wa msimu, ule unaowafanya watu wa Maskati watoe makoti. Ndugu walikuja na kanzu zilizopigwa pasi na mawe ya kijani yamepangwa nyuma ya pikapu. Wakaenda kaburi kwa kaburi, wakang'oa jiwe la kichwani, wakasimamisha la kijani, mwana wa marehemu akasema "Huyu baba," na wengine wakaitikia dua. Badr aliwasahihisha jinsi ya kushindilia udongo. Bi Mahbuba na wifi yake walitembea nyuma yao, wameshikana mikono, macho yanapita juu ya mawe ya mlimani yaliyofanana kama punje za mchele.

Kisha wakaliona. Chini ya mkunazi, jeupe, huwezi kulikosa.

Ila pale pale palikuwa na wanawake. Mmoja wa makamo, na wasichana wawili wakubwa, na kopo la maji. Walikuwa wanang'oa magugu, wanamwagia maji taratibu, na midomo yao inasoma.

Bi Mahbuba akasimama. "Wifi," alisema, "miye nimekaa ujane karibu miaka khamsini, kumbe mwenzangu anazuriwa na wanawake."

"Na mabinti wazuri," alisema Bi Mahfoudha. "Kaka yangu huyo."

Mwanamke yule aliitwa Afra, mtu wa Sidab, na walizungumza naye kwa Kiarabu. Alisema hapa kalala bibi yake, mzaa mama. Mama yake alimwambia: kaburi la bibi lina mawe matatu, lipo chini ya mkunazi. Wamekuja kila Idi, na Ijumaa moja moja, tangu yeye mtoto. Bi Mahbuba akatazama chini ya mti. Makaburi ya mawe matatu yalikuwa mawili, bega kwa bega. La pili mawe yake yote ya mlimani, yamezama nusu.

"Kwa nini hili, si lile?" aliuliza.

"Mama alisema bila shaka ni hili. Bibi alipenda vitu vizuri."

Hapo palitaka maneno, na wanaume wote wakagundua kwamba mawe yaliyobaki kwenye pikapu yanahitaji kuangaliwa. Bi Mahbuba akamshika Afra mkono, akamsimulia yote: kiapo, malengelenge, wakubwa wenye matatu, jiwe la liwa. Afra alisikiliza kaduwaa. Binti yake mdogo ndiye aliyeshindwa kwanza, akacheka akajifunika mdomo. Afra naye akacheka, kisha uso ukamgeuka.

"Basi bibi yangu kakaa muda wote huu hapana aliyemfikia?"

"Dua inafika popote," alisema Bi Mahbuba, na akaushangaa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu maneno hayo ameyachukia nusu ya umri wake. Akaona hayatoshi, kama yalivyokuwa hayakumtosha yeye. "Lakini njoo," alisema. "Tumwendee."

Wakaenda, hatua chache tu, wakayafukua yale mawe matatu kwa vidole, wote watano, wakamwaga maji yaliyobaki, wakamsalimu yule bibi kwa jina lake. Bi Mahbuba akamwambia bibi huyo kwamba wajukuu zake wamelitunza kaburi la Yaqdhan bila kujua, na kwamba deni hilo yeye ataomba alilipiwe na Mwenye kulipa. Afra akambusu begani. Walipoondoka, binti mdogo aligeuka mara mbili kulitazama kaburi la mwenye masharubu.

Majid na Badr wakaja sasa, wakang'oa jiwe la kichwani la Yaqdhan na kulisimamisha la kijani. Likakaa vizuri. Badr, aliyekwisha kuelezwa na alikuwa bado hajapona mshangao, akainama akalishika lile jeupe la katikati ili aliondoe, desturi irudi mahali pake.

"Nipe nilione," alisema Bi Mahbuba.

Upande wa juu lilikuwa limechakaa kwa jua. Kishimo kilikuwa chini, kimejaa udongo. Akakifuta kwa pembe ya ushungi, akatia vidole vyake. Vilijua njia. Kishimo kile hakikuchongwa na fundi. Alikichimba mama yake kwa msandali, kisha yeye, Alkhamisi kwa Alkhamisi, Yaqdhan akikaa ukumbini na kumwambia kwamba anasugua kama anayemdai mtu, na yeye akimjibu ndiyo, nnakudai. Kilikuwa kimelala juu ya kifua chake, kimemgeukia. Miaka yote hiyo alikuwa akilia kwamba mumewe yuko peke yake, hana hata mkono wa kumjua. Na mkono wake ulikuwa hapo.

Alilia sasa, waziwazi, na hakujificha. Bi Mahfoudha akamshika kiuno wala hakutia utani.

"Lirudishe," Bi Mahbuba alimwambia Majid.

"Mkaza mjomba, mawe matatu ni mwanamke."

"Watu watakosea tena," alisema Badr.

"Hawatakosea. Mawili ni yake," alisema Bi Mahbuba. "La tatu ni langu miye."

Badr akarudi nyuma. Majid akapiga magoti, akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa, kishimo kwa chini, akalishindilia udongo kwa viganja vyote viwili.

Wanaume wakasogea. Bi Mahbuba akasimama upande wa kichwani, akaurekebisha ushungi wake kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu wenye heshima zao.

"Assalamu alaykum, Yaqdhan," alisema.

Akampa nafasi ya kuitika. Upepo ulikuwa unapita kwenye mkunazi. Majid akamwita kwa upole kwamba Ijumaa itawapita, na yeye akampungia mkono bila kugeuka: waende kuswali, watamrudia. Kisha akaketi chini, magoti na yalalamike yatakavyo, akaanza kumpa khabari za watoto, kuanzia mkubwa.